ULIZA MJOMBA: Sinema ya mtaani iliyouzwa pauni 1 ikawa ukumbi wa muziki

Safari hii nimeyaweka pamoja maswali ya kumbi za zamani za sinema maana yameingia mfululizo, sijui mmepanga. Barua ndefu nimezipunguza, wenyewe mtanisamehe.

Shikamoo Mjomba. Mimi kwetu Tanga ila naishi London kusini. Kila nikipita Stockwell Road pale Brixton naliona lile jengo lenye kuba, watu wanapanga foleni ya shoo za muziki, lakini jirani yangu mmoja mzee wa Jamaika anasema enzi za ujana wake ilikua sinema. Ilikuaje mpaka ikawa ukumbi wa muziki? Na mbona lina sura ya ikulu wakati mtaa wenyewe ni wa watu wa kawaida tu?
*Msomaji, London*

Marahaba mwanangu, na salamu kwa huyo mzee maana anasema kweli tupu. Jengo lile, ambalo leo ni Brixton Academy, lilifunguliwa tarehe 19 Agosti 1929 kwa jina la Astoria na lilikua sinema toka msingi unachimbwa. Alielichora ni Edward Stone, msanifu ambae miaka ile alikua anaziotesha Astoria London nzima. Ya Charing Cross Road ilishafunguliwa 1927 ndani ya jengo lililokua la watengeneza achari, ikaja hii ya Brixton, halafu mwaka 1930 zikafuata za Old Kent Road, Streatham na Finsbury Park, zote mwaka mmoja.

Hiyo sura ya ikulu ndo ilikua biashara yenyewe. Fikiria mteja wa sinema wa 1929 ni nani, ni muuza duka, fundi, mama anaefua nguo za watu, mtu anaelala chumba cha baridi kinachonuka moshi wa makaa, sasa huyo ukimwambia kwa hela yake ndogo aje akae masaa matatu kwenye kiti cha kitambaa ndani ya bustani ya Kiitalia yenye joto zuri, atakuja hata kama hajui filamu gani inaonyeshwa. Na bustani sisemi kwa kupamba maneno, ingia siku moja uone mwenyewe, pembeni kuna kuta za nakshi, nguzo, masanamu, miti ya kuchongwa, na ule upinde mkubwa juu ya steji wameuiga kutoka daraja la Rialto la kule Venice. Dari wakaliacha laini wakalipiga taa lifanane na anga la usiku, yaani unakaa Brixton mvua inanyesha nje ila ndani uko Italia jioni. Mtindo huu ulianzia Marekani, Waingereza wakaudaka.

Sasa sikiliza hapa maana hapa ndo penye jibu lako. Mwaka 1929 filamu zenye sauti ndo kwanza zinaingia, na siku ya ufunguzi Astoria ilionyesha filamu ya Al Jolson ya kuongea na kuimba, kitu kipya kabisa. Lakini wenye kumbi walikua bado wanahofia, je watu wataendelea kupenda hizi filamu za kelele au ni upepo tu? Kwahiyo wakajenga kwa tahadhari: steji kubwa na yenye kina kweli kweli, vyumba vya wasanii kubadilishia nguo nyuma, kinanda kikubwa cha ukumbi, sehemu ya okestra. Kabla ya filamu unapata wachekeshaji, wacheza dansi, mpiga kinanda, ndo filamu inafata. Filamu zenye sauti zikashika, kinanda na wachekeshaji taratibu wakapotea, lakini steji haikubomolewa. Ikakaa nyuma ya skrini miaka mingi bila kazi ya maana, inasubiri.

Halafu sakafu. Sakafu ya chini pale imelala mteremko kuelekea mbele ili wa nyuma asizibwe na kofia ya wa mbele, na ukumbi mzima hauna nguzo za katikati zinazozuia macho. Mpenzi wa shoo anaesimama kule mwisho kabisa anamuona msanii bila kuruka ruka. Ukumbi wa kawaida uliojengwa flati hauna hiyo raha, ukiwa mfupi umekwisha, unaangalia shoo kupitia simu ya mtu aliyeinua mkono mbele yako.

Kuhusu mtaa, ukumbi ulibaki pale pale, walobadilika ni watu. Mwaka 1948 meli ya Empire Windrush ilileta watu kutoka Karibi, wasio na pa kulala wakawekwa kwenye handaki la wakati wa vita pale Clapham South, na ofisi ya kazi ya karibu ilikua Coldharbour Lane, Brixton. Wakatafuta kazi hapo, vyumba hapo, wengine wakafata ndugu, ndo Brixton ikawa Brixton hii unayoijua wewe, yenye samaki, ndizi za kupika na reggae. Jirani yako bila shaka ni wa hayo mawimbi. Kwahiyo wakati yeye anaingia Astoria ilikua bado sinema ya fahari lakini televisheni ishaanza kuila kidogo kidogo, na ukumbi wa viti maelfu ukiingiza watu mia mbili jumanne usiku, hela ya taa na joto tu inakumaliza.

Ikafungwa 1972. Wenye jengo, kampuni ya Rank, wakajaribu kuligeuza disko na ukumbi wa shoo mwaka huo huo wakaliita Sundown, likafa ndani ya miezi michache, mapema 1973 kimya. Mpango uliofuata ulikua kulivunja waweke kituo cha mafuta na duka la magari. Kituo cha mafuta jamani! Kilichozuia ni kwamba 1974 serikali ililiorodhesha kama jengo la urithi, daraja la pili, kwa sababu ya yale mapambo ya ndani, na ukishaorodheshwa hivyo Uingereza huvunji kienyeji. Rank wakawa hawana la kufanya, wakaligeuza stoo ya vifaa vyao. Bustani ya Kiitalia, stoo.

1981 kuna watu wakalifungua tena kwa jina la Fair Deal, wakaanza na bendi ya reggae ya UB40, mwaka uliofuata madeni yakawafunga. Halafu 1983 akaja kijana mmoja, Simon Parkes, umri miaka 23, akalichukua kwa pauni 1 na kuliita Brixton Academy, na ndo hilo unalolipita. Leo linabeba watu 4,921 na ni moja ya kumbi zinazotamaniwa sana na bendi za dunia.

Mjomba hebu tuwe wakweli, jengo zima London kwa pauni moja? Hizi si ndo stori za wazungu za kunogesha kitabu?
*Mdau, Dodoma*

Pauni 1 ni kweli, ila usiishie kwenye bei, angalia masharti. Jengo wakati huo lilikua mikononi mwa kampuni ya bia na halina faida yoyote kwao, haliruhusiwi kuvunjwa, linavuja, na mtaa wenyewe mwezi Aprili 1981 ulitoka kuwaka moto kwenye zile vurugu kati ya vijana na polisi, dunia nzima ilionyeshwa. Nani anaweka hela hapo? Kwahiyo makubaliano yakawa chukua jengo kwa pauni moja, ila bia utakazouza humo ni zetu kwa miaka kumi. Ukipiga hesabu kampuni ya bia haikuwa na hasara hata kidogo, walimtwisha mtu mzigo wa bati na mabomba wakabaki na kaunta.

Na usisahau ukumbi wa muziki tiketi sio ndo inayolipa. Hela ya tiketi inaenda kwa msanii na promota, mwenye ukumbi anapumulia kwenye vinywaji. Kwahiyo ule mkataba wa bia ulikua umeshika shingo ya biashara nzima, na kijana akaukubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuupata ukumbi wa ukubwa ule.

Alichofanya vizuri kwa maoni yangu ni kwamba hakuwakimbia watu wa mtaa. Shoo za mwanzo zilikua za reggae, watu wa hapo hapo, ndo baadae bendi za rock zikaona kumbe kuna steji kubwa kusini mwa mto Thames na watu hawauwawi huko kama magazeti yalivyokua yanaandika. Desemba 1984 The Clash wakapiga pale kuwachangia wachimba makaa waliokua kwenye mgomo, Desemba 1986 The Smiths wakapiga shoo yao ya mwisho kabisa pale pale. Parkes aliuza 1995. Kwa bei gani usiniulize, ila pauni moja haikua.

Nilisikia kuna watu walikufa ukumbi huo huo kwenye shoo ya Asake. Ni kweli? Na bado wameruhusiwa kufungua?
*Mama B., Arusha*

Ni kweli mama. Tarehe 15 Desemba 2022, Asake wa Nigeria alikua na shoo, nje wakajaa watu wengi kuliko ukumbi, wengine bila tiketi, milango ikasukumwa, watu wakabanana pale kwenye ukumbi wa kuingilia. Wawili walifariki, mmoja alikua amekuja kwenye shoo na mwingine alikua mlinzi kazini. Mungu awapumzishe. Leseni ikasimamishwa. Septemba 2023 halmashauri ya Lambeth ikasema wanaweza kufungua wakitimiza masharti 77, yakiwemo milango imara zaidi na utaratibu mpya wa foleni na tiketi, na Aprili 2024 wakafungua.

Niseme na hili. Mitandaoni watu walikimbilia kulaumu mashabiki wa Afrobeats, eti hawana ustaarabu. Mimi siungi mkono. Jengo la 1929 milango yake ya mbele ilipimwa kwa watu wa sinema wanaoingia kidogo kidogo jioni nzima, wazee, watoto, wapenzi wawili wawili. Shoo ya muziki inataka watu elfu nne na zaidi waingie ndani ya saa moja na nusu, na wengine elfu wako nje wanajaribu bahati. Hiyo ni kazi tofauti kabisa, na kila alierithi sinema akaifanya ukumbi wa muziki inabidi aanzie kwenye mlango kabla hajafika kwenye spika.

Mjomba mbona huku kwetu sinema zikifa hazigeuki kumbi za muziki, zinageuka makanisa? Tatizo nini?
*Muulizaji, Kampala*

Umenichekesha ila una hoja. Hapo kwenu Norman Cinema ya zamani ndo kanisa linaloitwa Watoto Church sasa hivi, na Nairobi katikati ya mji kumbi kadhaa zilipita njia hiyo hiyo. Lakini usidhani ni Afrika tu. Ndugu yake Astoria ya Brixton, ile ya Finsbury Park iliyofunguliwa 1930, ilikua na umaarufu wa muziki kuliko hata Brixton. Jimi Hendrix alichoma gitaa lake kwa mara ya kwanza pale, Machi 1967. Mwaka 1971 ikaitwa Rainbow, bendi ya The Who wakafungua. Juni 1977 Bob Marley akapiga usiku kadhaa mfululizo, na rekodi za shoo zile watu wanazisikiliza mpaka leo, mwenyewe alikua anaumwa kidole cha mguu na siku zilizobaki zikabidi zivunjwe. Ile Rainbow ilifungwa 1981, ikakaa mwaka juu ya mwaka bila mwenyewe wa kuitunza, na toka 1995 ni kanisa la Universal, hao hao mnaowajua wenye nembo ya njiwa na moyo.

Na nikwambie ukweli, wameitunza. Ndani kuna kijiji cha Kihispania kwenye kuta, sebule ina chemchemi ya maji ya umbo la nyota, vyote vipo. Mpenzi wa muziki anaumia kuona hakuna shoo, lakini pua yangu inaniambia bila kanisa tungekua tunaongelea jengo lililoungua.

Sababu sio ngumu. Ukumbi wa sinema tayari una viti vinavyoangalia mbele, una steji, una sauti, uko karibu na stendi. Kanisa linautumia jumapili mara tatu na katikati ya wiki kila siku, sadaka inaingia bila kumlipa msanii nusu. Promota wa muziki anaujaza ijumaa na jumamosi, mvua ikinyesha anarudi nyumbani na deni. Mwenye jengo akikaa na wote wawili mezani atamchagua nani?

Mjomba salama? Mimi ni wa Ngara, Nairobi. Hapa kwetu kuna Sarakasi Dome, wazee wanaiita Shan. Tuambie story yake.
*Jirani wa Globe, Nairobi*

Salama kabisa jirani. Afadhali umeuliza maana hii ndo Brixton yetu, na wengi wanapita pale na matatu bila kujua. Ngara ulikua mtaa wa familia za Kihindi kwa kiasi kikubwa, na Shan ilikua sinema yao ya nyumbani, filamu za Kihindi, nyimbo, machozi, familia nzima imevaa kama inaenda harusini. Usiwaache Waafrika nje ya picha hii lakini, vijana wengi wa Nairobi walikariri nyimbo za Kihindi kutoka kwenye hizo hizo kumbi bila kujua neno moja la maana yake.

Video ikaja, kaseti za kukodi, mteja wa Kihindi akawa anaangalia filamu sebuleni na wengi wakahama Ngara wakaenda Parklands na kwengineko, sinema ikabaki haina watu wake. Waliokuja kuiokoa ni Sarakasi Trust, taasisi ilioanza 2001 kwa kufundisha wanasarakasi na wacheza dansi, wale vijana wanaopanda mabegani mwa wenzao ghorofa nne na sasa wanazunguka dunia. Wao walihitaji kitu ambacho ni adimu sana mjini: dari refu. Mwanasarakasi hawezi kufanya mazoezi sebuleni kwa mtu! Ukumbi wa sinema dari lake ni refu kwa sababu skrini ni kubwa na kuna balkoni, basi ndoa ikafungwa, Shan ikawa Sarakasi Dome, mchana mazoezi, usiku shoo, matamasha, dansi.

Nampenda huyu mfano kwa sababu hawakuutegemea muziki wa wikiendi peke yake. Jengo lina watu jumatatu asubuhi. Na wewe unaejiita Jirani wa Globe, hiyo raundabauti yenu imebaki na jina la sinema, Globe Cinema, watoto wanaitaja kwa makanga wa matatu kila siku, sinema yenyewe hawajawahi kuiona.

Mjomba, Unguja tulikua na Majestic, Empire na Cine Afrique. Leo hakuna hata moja inayoonyesha filamu wala kupiga muziki, na tuna matamasha mawili makubwa! Haya mambo vipi?
*Mtoto wa Vuga, Unguja*

Mtoto wa Vuga, nakuelewa unavyoumia. Pale Vuga kabla ya Majestic palikua na Royal, ya mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliyeichora ni John Sinclair, yule yule mkubwa wa Kiingereza aliyeacha majengo mengi mjini kwenu. Ikaungua, na mahali pake ikajengwa Majestic, ikafunguliwa 1955, ya mtindo wa kisasa wa wakati ule. Cine Afrique ilianza kama Sultana 1951, baada ya Mapinduzi jina la Sultana nani angelibakisha? Empire pale Darajani imeshakua supamaketi, Cine Afrique nayo maduka.

Sasa tamasha la filamu la ZIFF lilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na Sauti za Busara 2004, wote wakaenda Ngome Kongwe. Na mimi nawaelewa. Ngome ni wazi juu, upepo wa bahari unapita, huhitaji kiyoyozi wala kuogopa bati litaanguka, ukuta wa kale unakupa picha nzuri za kupeleka ulaya. Majestic wakati huo paa linavuja na skrini imechakaa, nani ataleta wageni wake humo. Ila Ngome mvua ya masika ikishuka shoo imeisha, na haifai kwa filamu ya mchana, kwahiyo pengo lipo kweli.

Habari njema ni kwamba Majestic haijasahauliwa, kuna watu wa Hifadhi Zanzibar wamekua wakiisukuma ifufuliwe iwe nyumba ya filamu na utamaduni, na jengo liko ndani ya Mji Mkongwe ambao toka 2000 ni urithi wa dunia, kwahiyo haliwezi kugeuzwa hoteli ya ghorofa saba usiku mmoja. Linganisha na kile kituo cha mafuta cha Brixton hapo juu. Karatasi ya kuzuia kuvunja mnayo. Mnachokosa ni yule mwendawazimu wa miaka 23.

Na sisi Dar je? Avalon, Empire, Odeon, Drive-In… zote zilikufa kwa uzembe au kuna kingine?
*Mzaramo wa mjini*

Uzembe upo lakini usiwatwishe wenye kumbi peke yao. Mwaka 1971 ile sheria ya kutwaa majengo ilichukua majengo ya biashara na ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi ya sinema yakiwemo, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, alieyajenga akawa mpangaji kwenye jengo lake mwenyewe. Mpangaji habadilishi paa. Filamu nazo zikawa zinapitia Tanzania Film Company, shirika la umma lililoundwa 1968, na kipindi fedha za kigeni zilipokauka filamu mpya zikawa ndoto, mnaonyeshwa ile ile mpaka mkanda unakatika. Halafu video, halafu 1994 televisheni Bara, halafu vibanda vya video na marehemu Lufufu anatafsiri kwa sauti yake kwa bei ya andazi. Sinema ya viti mia nane itapambanaje na hapo?

Na muziki wetu Dar haukua na shida ya pa kukaa. Dansi lilikua na kumbi zake, DDC Kariakoo, Vijana Kinondoni, Amana kule Ilala, na dansi linataka sakafu flati ya kucheza, meza na bia, sio viti vilivyofungwa kwa bolti kwenye mteremko. Mwingereza anasimama anaangalia bendi. Sisi tunacheza nayo. Ndo maana hakuna bendi iliyoililia Avalon.

Drive-In ya Msasani ya 1966, hiyo swali lake fupi: nenda barabara ya zamani ya Bagamoyo uangalie ubalozi wa Marekani, walijenga hapo baada ya ule wa mwanzo kulipuliwa Agosti 1998. Usisimamishe gari kupiga picha tu.

Mjomba mimi na wenzangu tuna wazo la kukodi sinema ya zamani ya mkoa wetu tuweke shoo za live. Tuanzie wapi? Usituvunje moyo.
*Vijana wanne, Kanda ya Ziwa*

Siwavunji moyo, nawapa tochi. Ingieni na tochi mchana, muende nyuma ya skrini. Skrini ya sinema ina vitundu vidogo vidogo kwa sababu spika hukaa nyuma yake, na mara nyingi huko nyuma ndo mtajua kama mna ukumbi au mna ukuta. Sinema nyingi za miaka ya 1950 huku kwetu zilijengwa wakati filamu zenye sauti zishatawala, hakuna aliefikiria steji ya wacheza dansi, kwahiyo nyuma ya skrini unakuta hatua chache halafu tofali. Drams hazitoshi. Mkikuta hivyo itabidi mtoe safu za mbele za viti mjenge steji kuja mbele, na hapo hesabu ya tiketi inapungua, muipige mapema kabla ya kusaini.

Pili angalieni juu. Paa la sinema lilibeba dari na feni, halikujengwa kuning'inizwa taa na spika za tani moja. Msining'inize kitu mpaka injinia wa majengo aone, simamisheni vyuma chini. Na kama dari ni zile shiti za zamani za kijivu msizitoboe wala kuzivunja hovyo, nyingi za enzi zile zina asbestosi na vumbi lake linaua mapafu taratibu, watu wanakuja kukohoa miaka 20 baadae.

Milango ya dharura nendeni mkaisukume mmoja mmoja. Nimewahi kuingia ukumbi mmoja wa zamani, sitautaja, milango mitatu kati ya minne imefungwa na kufuli za mnyororo kwa sababu zamani vijana walikua wanafunguliana waingie bure. Zimamoto wakija watawafungia, na watakua na haki.

Viti msiving'oe vyote. Ng'oeni vya chini muache watu wasimame na kucheza, vya balkoni muviache kwa wazee na wanaolipa zaidi, ila balkoni watu wakae, wasiruke, maana ilipimwa kwa mtu aliyetulia anakula karanga. Umeme wa projekta na taa za shoo ni vitu viwili tofauti, muulizeni TANESCO laini inayoingia inabeba kiasi gani kabla hamjaita bendi yenye kinanda na jenereta la kuazima.

Majirani wa ukuta wa nyuma pia muwape taarifa mapema na namba ya simu ya mmoja wenu, wakiona besi imezidi wapige kwenu kabla ya kupiga polisi. Mkataba nao msikubali wa mwaka mmoja mmoja. Mkishatengeneza paa kwa hela yenu mwenye nyumba atakumbuka ghafla kuwa ana mjomba anaetaka pango kubwa zaidi, ombeni miaka kumi, mkipata mitano iandikwe kwamba gharama za paa zinakatwa kwenye kodi. Kaunta ya vinywaji iwe yenu, na hilo liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza.